Kichuguu Chini ya Kanisa

Upresbiteri niliupata pamoja na mume. Kwa baba yangu, upande wa Aru, Kongo, tulikuwa watu wa misheni nyingine. Nilipoolewa na dereva wa malori kutoka Kasai niliambiwa kwamba sasa nami nitakuwa Mpresbiteri, nikauliza kama inauma. Mume wangu akacheka, akaniambia haiumi, ila mikutano ni mingi. Hakunidanganya.

Tulihamia Arua, Uganda, mtaa wa Awindiri, na huko tuliwakuta wenzetu. Wengine walikuwa wakimbizi kutoka Sudan, waliofukuzwa na vita vya kwao, na wengine Wakongo kama sisi, waliovuka mpaka na mabunda ya vitenge kutafuta riziki. Wenyeji wa hapo, Walugbara, walikuwa na makanisa yao makubwa yenye mabati na kengele. Sisi tulikuwa na banda la nyasi. Tulisali kwa Kiswahili kwa sababu hatukuwa na lugha nyingine ya pamoja, na kila mmoja alikivunja kwa namna yake. Wasudan walikitia Kiarabu, Wakongo tukakitia Kilingala, na ninaamini Mungu alielewa vyote, maana maombi yetu mengi yalijibiwa.

Kwa wasiotujua, niseme kwamba kanisa letu halina askofu. Waumini huchagua wazee, nao wazee hukaa na mchungaji katika baraza na kuamua kila kitu. Nikisema kila kitu sitanii. Hata kununua ufagio mpya kulihitaji baraza, na siku moja ufagio wa zamani uliisha kabisa wazee wakiwa bado wanajadili. Mchungaji mwenyewe hakukaa Arua. Alikaa Koboko, kaskazini, karibu na mpaka wa Sudan, ambako kulikuwa na kundi jingine la waumini, na sisi tulimwona mara moja kwa mwezi akipata gari. Siku nyingine zote tulikuwa chini ya mkuu wa wazee.

Huyo alikuwa Msudan mrefu mno. Mlango wa kanisa aliujenga yeye mwenyewe, fundi, na bado aligonga paji la uso kila Jumapili. Kwao walikuwa watu wa ng'ombe, wa nyanda tambarare, mbali sana na milima yetu. Alikuwa mpole, mchapakazi, na akikosea aliumia kuliko yule aliyekosewa. Nilimpenda, ingawa tuligombana kila wiki juu ya ngoma. Mimi nilikuwa kiongozi wa wamama na kwaya, nikataka ngoma ndani ya kanisa. Yeye alifundishwa utotoni kwamba ngoma ni ya nje.

Kiwanja hakikuwa chetu. Mwenyewe alikuwa mjane wa Kilugbara, jirani yetu, mwanamke mwembamba asiyependa maneno mengi. Alituona tukisali juani pembeni mwa shamba lake, akatuonea huruma, akatuambia tujenge. Hakudai chochote. Katika kiwanja kile kulikuwa na kichuguu kikubwa, na juu ya kichuguu hicho hakusema lolote, kwa sababu kwao hakuna mtu anayehitaji kuambiwa.

Kwao, na hata kwetu upande wa Aru, kichuguu kina mwenyewe kama ng'ombe alivyo na mwenyewe. Unaweza kumpa mtu shamba alime miaka kumi, lakini kichuguu kilichomo kinabaki chako. Mvua zikianza, kumbikumbi hutoka, wale ambao Walugbara huwaita onya. Wenye kichuguu huwakusanya, huwakaanga na kuwaanika, na fungu la binti aliyeolewa hupelekwa kwa mumewe ili wajue huko kwamba ametoka nyumba yenye kitu. Watu wamekosana ukoo na ukoo kwa ajili ya kichuguu. Kile cha mama huyu aliachiwa na marehemu mumewe, naye marehemu aliachiwa na baba yake.

Sasa sikia walichofanya wanaume wetu.

Ilikuwa kiangazi, banda likawa limejaa hata watoto wanakaa mapajani mwa wasio wazazi wao. Baraza likaamua kulipanua. Mjane alikuwa Kuluva, akimuuguza binti yake aliyelazwa katika hospitali ya misheni. Mimi nilikuwa kwa baba yangu, kwenye mahari ya mdogo wangu. Mkuu wa wazee akaona kichuguu kimekaa pale pale ukuta mpya unapotaka kupita. Kwao kichuguu ni mahali pa kupanda uangalie ng'ombe wamefika wapi, basi. Wanaume wa Kikongo waliokuwapo walikuwa watu wa mjini, kumbikumbi wao waliwanunua sokoni Inde wakiwa wamekwisha kukaangwa. Wakachukua majembe na sururu, wakakibomoa mpaka kikawa sawa na ardhi. Udongo wake mzuri wakautandaza, wakaupiga, wakapata sakafu laini ya kupendeza, ukuta ukapita. Walifurahi kwamba mama akirudi atakuta wamemsafishia kiwanja.

Nilirudi siku ile ile aliyorudi yule mjane. Nilimkuta amesimama mlangoni pa kanisa, bunda lake la safari bado kichwani, akiangalia sakafu. Mkuu wa wazee alikuwa mbele yake, anatabasamu, anangoja asante. Mimi nikaangalia pale palipokuwa na kichuguu, nikaona ukuta. Ningalikuwapo siku ile ningalilala juu yake wanibomoe mimi kwanza.

Mjane hakupiga kelele. Alisema polepole, kwa Kiswahili cha Arua, na kila neno nalikumbuka.

"Mimi nilipatia nyinyi shamba ya kuomba Mungu. Kichuguu mimi hapana patia nyinyi. Sasa mvua ikikuja, kama onya iko, nyinyi kaa. Kama onya hapana, nyinyi toa nyumba yenu, nyinyi kwenda."

Akaondoka na bunda lake. Ikabidi nimweleze mkuu wa wazee maana yake, na nilipomaliza alikaa chini juu ya ile sakafu yake nzuri, magoti yakamfika masikioni. Akaniuliza kama kichuguu kinaweza kujengwa tena. Nikamwambia mzee, hata Wapresbiteri hawawezi kukiamuru kwa baraza. Nilikuwa na hasira, nilisema zaidi ya hayo, na sioni haja ya kuyaandika.

Tangu siku hiyo mjane aliacha kutusalimia. Anayejua watu wa kule anajua ni jambo zito. Anapita na mtungi wake, sisi tunainuka kumwamkia, yeye macho yako mbele kama vile hakuna mtu. Kanisa zima lilinyong'onyea. Watu waliokuwa wamekwisha kukimbia kwao mara moja sasa walikuwa wanangoja kufukuzwa tena, na safari hii na mwanamke mmoja mwenye haki yake.

Wakati huo huo ikaja habari ya amani ya Sudan. Redio zilisema, askari wakasema, mwishowe malori yakaja. Wenzetu wakaanza kufunga virago. Kila Jumapili tuliaga familia, tunalia na kucheka kwa pamoja, na benchi moja linabaki tupu. Mkewe mkuu wa wazee alikuwa amekwisha kufunga sufuria zake kwa kamba. Lakini mzee akasema hapandi lori. Hawezi kurudi kwao, alisema, kuwaambia watu wake kwamba alikaribishwa na mjane, akamvunjia kichuguu chake, akaondoka. Atangoja mvua. Kama kumbikumbi hawatoki, atalibomoa kanisa kwa mikono yake, aurudishe udongo mahali pake, ndipo aende. Mkewe akazifungua sufuria, akawasha moto, akapika, na hakusema naye siku nzima.

Baraza likakaa, likaamua tupeleke habari kwa mchungaji. Akatumwa mkuu wa wazee, na mimi nikajituma. Tulipanda lori la samaki wakavu lililokuwa likienda Koboko, tukakaa juu ya magunia, mzee anajikunja kila tawi likipita, mimi nimefunga pua kwa kitambaa. Njiani aliniomba nisimfiche: wale kumbikumbi kweli ni chakula? Nikamwambia ni chakula, ni mboga, ni mafuta, ni heshima. Akatikisa kichwa kwa huzuni kubwa.

Mchungaji tulimkuta nyuma ya nyumba anarekebisha mnyororo wa baiskeli, mikono imejaa grisi. Alikuwa Mkakwa, mtu mnene mcheshi, wa kabila lile lililokatwa na mipaka likawa na ndugu Sudan, Uganda na Kongo. Alisikiliza habari yote bila kuinua macho. Kisha akauliza swali moja tu: walipochimba, walimpata malkia?

Mkuu wa wazee akauliza malkia gani. Mchungaji akaacha mnyororo. Akamweleza kwamba chini kabisa ya kichuguu, ndani ya ardhi, hukaa mama yao wote, mkubwa kama kidole gumba, na bila kumchimbua huyo kichuguu hakijafa. Mzee akasema hawakuchimba chini hata shubiri moja, walikata cha juu tu, hawakujua kwamba kuna mtu huko.

"Basi ujinga yenu iliokoa nyinyi," mchungaji akasema, akacheka mpaka akalazimika kushika baiskeli.

Alitupa maagizo. Sakafu isigandamizwe tena. Udongo uwe na unyevu. Na akaongeza, akinitazama mimi, kwamba kumbikumbi husikia mvua kwa miguu. Kwao Koboko watoto hupiga ardhi kwa vijiti ili wadhani mvua imeshika, watoke. Kwa hiyo ngoma iingie kanisani. Mkuu wa wazee akafungua kinywa, akakifunga. Miaka yote nilikuwa nimebishana kwa Maandiko, nikashindwa, na sasa nimeshinda kwa ajili ya wadudu. Nilimshukuru Mungu palepale mbele ya baiskeli.

Lakini kulikuwa na jambo jingine, nalo lilituangukia sisi wamama. Tulikuwa na saruji. Tuliipata kwa kuuza mandazi na karanga, msimu baada ya msimu, na mume wangu aliileta kwenye lori lake mfuko mmoja mmoja, kwa maana ilikuwa inaadimika. Iliwekwa nyumbani kwangu chini ya kitanda. Ilikuwa ya kumwagwa kwenye sakafu ya kanisa, ili tuache kupiga magoti kila Jumamosi tukipaka samadi ya ng'ombe na udongo. Kila mama alikuwa ameiota hiyo sakafu. Mimi nilikuwa nimekwisha kuchagua kona ambapo nitaandika mwaka kwa kidole ikiwa bado mbichi. Sasa, ukimwaga saruji juu ya kichuguu, umezika.

Nikawaita wamama kwangu. Mmoja akauliza kwa uchungu kama tutaendelea kuchubuka magoti maisha yetu yote kwa ajili ya wadudu. Mwingine akasema kanisa ni la Mungu, si la kumbikumbi. Niliwaacha waseme wote, kwa sababu hata mimi nilikuwa nasema hivyo moyoni. Kisha nikawauliza nani kati yetu ana kiwanja. Hakuna. Nikauliza nani alitukaribisha. Mkewe mkuu wa wazee, aliyekuwa akibembeleza mtoto mlangoni, akasema kwamba yeye amekaa miaka mingi katika nchi ya watu na anajua jambo moja: sakafu unaweza kuacha, mwenyeji huwezi kumpata kila siku. Tukakubaliana. Saruji tukaipeleka kwenye chemchemi ya mtaa, pale ambapo Awindiri yote ilichota maji ikikanyaga matope, na wanaume wakajengea ukingo na ngazi. Mjane naye alichota pale. Alipanda ngazi mpya na mtungi wake bila kutuangalia.

Tukangoja. Mawingu yalikuja yakapita. Nilipaka sakafu kwa mkono mwepesi, nikainyunyizia maji kama bustani ya mchicha. Mkuu wa wazee alikuja kila asubuhi kuangalia, akaganda pale kwa urefu wake wote, na watu wakaanza kumtania kwamba ametaga yai hapo.

Jumamosi moja nilikuwa nimepiga magoti na ndoo yangu ya samadi, karibu na ukuta wa mbele, nikaona ufa mdogo. Pembeni yake kulikuwa na udongo mbichi, chembechembe nyekundu, zimepangwa na kulowanishwa. Jana yake hazikuwapo. Nilikaa nikizitazama, nikaanza kulia kama mjinga, mikono yote samadi. Nikamwita mzee. Alikuja mbio, akagonga kichwa mlangoni kama kawaida yake, akapiga magoti kando yangu akaweka uso chini kabisa. Mchwa mmoja alitoa kichwa, akaweka chembe yake, akarudi. Mzee akamwambia asante kwa Kiarabu.

Nikaenda kwa mjane, nikasimama mbali kidogo na ua wake, nikamwambia tu kwamba kuna udongo mbichi. Aliendelea na kazi yake. Lakini baadaye alikuja, akainama juu ya ufa, akachukua chembe moja akaisaga kati ya vidole, akainusa. Akatuambia tusogeze mabenchi, mtu asikanyage hapo. Kesho yake alipopita na mtungi, alituambia habari ya asubuhi. Kwaya nzima iliitikia kwa sauti nne.

Bado haikuwa onya. Udongo si kumbikumbi, na mama alikuwa amesema kumbikumbi. Malori ya mwisho yalikuwa yanapakia, na lori la mkuu wa wazee lilipangwa kuondoka siku chache baada ya Jumapili ya Meza ya Bwana.

Jumapili hiyo mchungaji alikuwa amefika kutoka Koboko. Alfajiri ilinyesha mvua ya kwanza ya kweli, ile inayopiga nyasi za paa mpaka huwezi kusikia mtu akiongea. Ilipokatika, jua likatoka kali, ardhi ikawa inafuka mvuke. Tuliingia kanisani tukiwa tumelowa miguu. Kila mtu alikaa ameelekeza macho kwenye ukuta wa mbele, hata mchungaji, aliyelazimika kusoma Neno akiwa amegeuka upande.

Nikaanzisha wimbo. Ngoma ikalia ndani ya kanisa letu, na wamama wakapiga miguu chini kwa nguvu zote walizokuwa wamezitunza kwa ajili ya saruji. Tukamaliza ubeti wa kwanza, hakuna kitu. Wa pili, hakuna. Katika ubeti wa tatu nikaona bawa. Akatoka mmoja, akatembea kidogo kama anayetafuta mahali pa kukaa, akaruka. Kisha wa pili. Kisha ufa mzima ukachemka.

Kwaya ikanyamaza. Mzee mmoja wa baraza, mtu wa taratibu sana, akauliza kama tuahirishe ibada kwa kura. Mchungaji hakumsikia, alikuwa amekwisha kufunga Biblia.

Nilikimbilia mlangoni kwenda kumwita mjane, nikamkuta yuko pale pale nje ya ukuta, amekaa juu ya jiwe, ungo na beseni mapajani. Alikuwa hapo tangu mvua ilipokatika. Akainuka, lakini alipofika kizingitini akasimama. Hakuwahi kuingia wakati tunasali. Akauliza kama ana ruhusa.

Mkuu wa wazee akaja kutoka mbele, akainama, si kwa ajili ya mlango tu.

"Mama, hii nyumba iko yako," akamwambia. "Sisi iko wageni."

Akaingia. Aliangalia ufa, akaangalia kwaya iliyosimama midomo wazi, akatuuliza tunanyamaza kwa nini, tupige ngoma, wadudu watadhani mvua imekwisha. Tukapiga. Akawaamuru wazee wa kanisa wachimbe shimo dogo mbele ya ufa, nao wakachimba kwa vijiko vya kula. Akataka kitu cheusi cha kufunika, ili gizani kumbikumbi wafuate mwanga mmoja tu na kuangukia shimoni. Tulitazamana. Mchungaji akavua joho lake jeusi la ibada, akampa. Likatandikwa juu ya vijiti juu ya ufa, na kumbikumbi wakaanza kuporomoka shimoni kwa mlio wa mchele unaomwagwa. Tuliimba nyimbo zote tulizozijua, za furaha na za mazishi, mpaka beseni likajaa.

Mjane akachota konzi ya kwanza akairudisha kwenye ufa. Akatenga fungu la mabinti zake. Kisha akaweka fungu kwenye ungo akausukuma mbele yetu, akasema ni la kanisa. Meza ya Bwana tuliila mchana sana siku ile, joho la mchungaji limejaa mabawa, na harufu ya kukaangwa inaingia kutoka jikoni kwa jirani. Sijawahi kuwa na ibada yenye furaha kama hiyo tena.

Mkuu wa wazee aliondoka na lori lake. Mjane alifika kumuaga, akampa kifurushi cha kumbikumbi wakavu waliofungwa katika jani la mgomba, chakula cha njiani. Watu wote wakasogea kuona. Mzee alifumba macho, akatia mmoja mdomoni, akatafuna. Akafungua jicho moja. Akanyoosha mkono tena. Mkewe alicheka, na nadhani ndipo alipomsamehe.

Baada ya Wasudan kurudi kwao, kanisa lilibaki na Wakongo na wachache wa makabila mengine. Tungeweza kusambaa. Lakini kila mvua zilipoanza tulikuwa na kazi ya kufanya pamoja, na mjane alikuja na beseni lake, akatupangia kwaya. Hakujiunga nasi. Alisema yeye anakuja kuangalia kichuguu chake. Hata kiangazi, ambapo hakuna kumbikumbi hata wa dawa, alikaa benchi la mbele kila Jumapili kukiangalia, na nyimbo zote alizijua kwa moyo.

Miaka ikapita, sukari na sabuni zikawa hadithi, na ikaja amri ya serikali kwamba makanisa madogo yasikusanyike. Tuliogopa. Jumapili moja mtu mwenye sare akaja mlangoni na kuuliza kama hapa ni kanisa, na kanisa gani. Mimi ulimi uliniganda, jambo ambalo mume wangu hakuliamini nilipomsimulia. Mjane akainuka kutoka benchi lake.

"Hapa iko kichuguu yangu," akamwambia. "Hawa watu naimba, onya natoka."

Yule mtu akatazama ufa, na udongo mbichi, na ngoma. Alikuwa mtoto wa huko huko. Akauliza wanatarajiwa lini. Mjane akamwambia mvua ya pili, na akija asije mikono mitupu, alete chumvi. Alikuja mvua ya pili. Alileta chumvi.

Kisha mwaka wa sabini na tisa vita vikafika mpaka kwetu, na Arua nzima ikatembea kuelekea Kongo. Mimi nilirudi kwa baba yangu na watoto na masufuria, yaani nilikimbilia nyumbani, jambo ambalo si kila mkimbizi hulipata. Siku zilikuwa mbaya, sitaki kuzipamba. Kila asubuhi nilikwenda barabarani kuangalia wanaokuja. Asubuhi moja nikamwona, mwembamba zaidi, ameegemea fimbo, mkeka mgongoni na ule ungo mkononi. Alikuwa ameacha kila kitu kingine. Nikampokea mzigo, nikalia, yeye akaniambia niache, watoto wananitazama.

Katika shamba la baba yangu kulikuwa na vichuguu vitatu. Nilizungumza na kaka zangu, na sitasema ilikuwa rahisi, maana kichuguu ni kichuguu. Lakini jioni moja nilimshika mkono nikampeleka kwenye kile cha katikati, kikubwa kuliko vyote, nikamwambia mbele ya kaka zangu wote kwamba kuanzia leo ni chake. Shamba ni letu, kichuguu ni chake.

Alikizunguka chote polepole. Alikishika, akachukua chembe ya udongo, akaisaga, akainusa. Nilingoja aseme asante, kama yule mzee wangu mrefu alivyongoja siku ile mlangoni. Hakuisema. Alikata vijiti viwili, akanipa kimoja, akaketi chini.

"Imba ile ya kanisa," akaniambia. "Onya ya huku hapana jua sisi bado."

Nikaketi kando yake, nikaanzisha wimbo, tukapiga ardhi.